Kutia kiraka jinzi iliyoliwa na kiti cha baiskeli

Tanga ni mji wa baiskeli, na baiskeli ndiyo inayomaliza jinzi nyingi hapa. Magoti mazima, mifuko mizima, lakini msambani, pale mishono minne inapokutana, kitambaa kimekwisha. Kiti kinasugua, na vumbi lililoganda kwa jasho linasaga nyuzi kama msasa.

Usingoje itoboke. Fua suruali kwanza, igeuze ndani nje, itandaze dirishani. Panapopitisha mwanga kuliko pengine pamechoka, hata kama hapajachanika. Chukua kipande cha sabuni kikavu, zungushia mstari sentimita 2 nje ya hapo. Mstari huo ndio mpaka wa kiraka; ukingo wa tundu usiufuate. Viraka vingi hung'oka kwa sababu vimeshonewa kwenye kitambaa kilichokwisha kufa: kiraka kinabaki kizima, pembeni yake panachanika upya.

Kiraka kizuri hutoka kwenye mguu wa jinzi kuukuu. Kwenye mitumba ya Tangamano tafuta iliyofuliwa mara nyingi, nyepesi kidogo kuliko suruali yako, maana kiraka kigumu hukata kitambaa laini. Kitambaa kipya kifue kwanza, la sivyo kitarudi baada ya kushonwa na suruali itakunjamana. Kama suruali inavutika, na kiraka kivutike, tena kwa upande uleule. Pembe zote zikate mviringo. Pembe kali ndiyo huanza kubanduka.

Msambani usibandike kipande kimoja juu ya mishono yote minne. Patakuwa na nundu, sindano itavunjika, na paja litachubuka kabla hujafika mtaa wa Raskazone. Kata vipande viwili au vinne, kila kimoja upande wake, ukingo ukiishia penye mshono. Mshono wenyewe ukiwa mnene, uweke juu ya ubao, ufunike kwa kitambaa, ugonge kwa nyundo mara kadhaa. Utalainika.

Piga bandi kwanza kwa mishono mirefu, kisha ushone. Uzi wa polista ni bora kuliko wa pamba, na usizidi urefu wa mkono wako. Ukizidi hapo utakuwa unafundua mafundo badala ya kushona. Mishono iwe ya milimita 3 au 4, mistari ikiachana kwa milimita 5, kila mstari ukiingia sentimita 2 kwenye kitambaa kizima. Mambo mawili hapa hufanywa vibaya na wengi. La kwanza, mistari yote isiishie sawasawa: mmoja urefushe, unaofuata ufupishe, kwa sababu matundu ya sindano yakijipanga yatachanika kama stempu. La pili, kila unapogeuka acha uzi ulegee kidogo tu. Ukiuvuta hadi ukaze, kiraka kitajikunja kama jani kavu. Usipige fundo mwishoni, maana utalikalia. Rudia mshono mara tatu palepale, ukate. Subana, au kastabini, ni lazima. Jinzi haina huruma na kidole.

Mwenye cherehani atumie sindano namba 100, au 110 kwa jinzi nzito, na mshono wa milimita 2.5 hadi 3. Mshono mfupi zaidi ya huo hutoboa kitambaa kuliko kukishika. Ukifika penye mkunjo mnene, zungusha gurudumu kwa mkono.

Goti ni kazi nyingine. Likichanika utaona nyuzi nyeupe zimekatiza tundu. Usizikate! Hizo ni za mshindio, zinazopita upande kwa upande. Zilizokatika ni za mtande, zile za buluu zinazoshuka kutoka kiunoni. Weka kiraka kwa ndani, kisha tililia kwa uzi wa buluu kutoka juu kwenda chini, ukipita juu ya uzi mweupe mmoja na chini ya unaofuata, na kila baada ya nyuzi chache ukishika na kiraka. Ndani ya mguu ingiza kifuu cha nazi kilichosuguliwa, mgongo ukielekea juu: kinakaza kitambaa, na kinakuzuia kushona upande wa mbele wa mguu na wa nyuma pamoja, kosa linalogundulika siku zote wakati wa kuvaa.

Viraka vya kubandika kwa pasi vinafaa kushikiza kiraka mahali pake wakati unashona, si zaidi. Gundi yake hulegea kwa kufuliwa.

Ukimaliza, fua suruali ikiwa ndani nje, usipige brashi penye kiraka. Ikikauka, itazame tena dirishani. Mahali papya panapopitisha mwanga paongezee mistari miwili mitatu siku hiyohiyo. Sindano ifute, uichomeke kwenye kitambaa chenye tone la mafuta ya cherehani. Kwa upepo huu wa bahari haichukui muda kushika kutu, na sindano yenye kutu hukwama kwenye jinzi na kuacha doa la kahawia.