Somo: Kuchagua darubini ya bei nafuu ya kutazamia ndege na wanyama ziwani

Wakuu, habari za jioni. Wiki hii vijana watatu wanaoanza kutembeza wageni Saanane, kisiwa cha hifadhi hapa Mwanza, wameniuliza wanunue darubini gani, na wote wameanza na swali lilelile: "Inavuta mara ngapi?" Swali hilo ndilo linalotupotezea hela. Darubini yangu ya kwanza niliichukua kwa sababu kibandiko chake kilisema inavuta mara 100. Nilikaa nayo Capri Point nikimtafuta furukombe aliyetua juu ya jiwe. Picha ilicheza kama niko ndani ya mtumbwi, pembeni giza, na robo saa haikupita kichwa kikaanza kuuma. Darubini ya kushika mkononi yenye kudai mara 100 isikupotezee muda, iache hapohapo mezani kwa muuzaji.

Hatua ya 1: Soma namba mbili

Ukikuta imeandikwa 8x42, hiyo 8 ni kuvuta mara nane, na 42 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Gawanya 42 kwa 8, unapata 5.25. Huo ndio upana wa mwanga unaofika jichoni. Mboni ya mtu mzima kwenye giza hufunguka milimita 5 hadi 7, na hupungua kadiri umri unavyosogea. Vile vidogo vya mfukoni vya 10x25 vinatoa 2.5 tu. Saa sita mchana vitakufaa, ila saa kumi na mbili asubuhi, ndege wakiwa ndio wanaamka, utaona vivuli.

Ikivuta zaidi ya mara 10 mkono hauwezi kuituliza, na kwenye boti ndiyo kabisa. Mimi nasema 8x42. Hela ikiwa fupi, tafuta 8x40 au 7x35 za umbo la zamani, zile zenye mabega. Ni rahisi kutengeneza kuliko zilizonyooka, kwa hiyo kwa bei ileile unapata vioo bora zaidi.

Hatua ya 2: Kagua vioo

Iinamishe chini ya taa. Lenzi isiyopakwa dawa inarudisha mwanga mweupe kama kioo cha dirisha. Iliyopakwa vizuri inarudisha kijani au zambarau hafifu. Zenye lenzi nyekundu ya kung'aa ziache, zinaharibu rangi.

Kisha inyooshee angani ukiwa umeishika mbali na uso. Utaona viduara viwili vya mwanga kwenye vioo vya jicho. Viwe duara kamili. Vikiwa na kingo zilizokatwa kama mraba, kioo cha ndani ni cha daraja la chini. Mwisho washa tochi ya simu upande wa lenzi ya mbele, uchungulie ndani. Ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, usinunue.

Hatua ya 3: Hakikisha bomba zote mbili zinatazama mahali pamoja

Hapa msiharakishe jamani, hasa kwa darubini za mtumba. Mwombe muuzaji utoke nje. Ukiwa soko la Mlango Mmoja, tafuta paa la bati lililo mbali, mita mia na zaidi, uelekeze kwenye mstari wa juu wa paa. Picha ikishatulia, itoe darubini machoni polepole, sentimita chache tu, huku ukiendelea kutazama. Sasa utaona picha mbili, ya kushoto na ya kulia. Mstari wa paa uwe kwenye usawa mmoja kote kuwili. Mmoja ukipanda juu ya mwenzake, darubini hiyo huenda iliwahi kuanguka. Ukiitumia, macho yatahangaika kuziunganisha picha hizo siku nzima, na maumivu ya kichwa yanaanzia hapo.

Hatua ya 4: Ilinganishe na macho yako

Funga jicho la kulia, zungusha gurudumu la katikati mpaka la kushoto lione vizuri. Sasa funga la kushoto, usiguse gurudumu, zungusha kipete cha kioo cha kulia. Basi, umemaliza, kumbuka alama yako. Yangu ya 8x40 niliipata kwa shilingi 70,000 kwa mtu aliyeamini ni mbovu, kumbe kipete hakijawahi kuguswa. Kwa hiyo leo pimbi akiwa juu ya jiwe pale Saanane namhesabia masharubu.

Na jua usilitazame kwa darubini hata sekunde moja, hata likiwa linazama.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Nyegezi: Mkuu, mimi navaa miwani. Nitaona?
Jibu: Utaona, mkuu. Kunja mipira ya kioo cha jicho, na tafuta inayokuruhusu kukaa angalau milimita 15 kutoka kwenye kioo. Ijaribu ukiwa umevaa miwani yako.

Mdau wa Ukerewe: Shikamoo mwalimu. Sisi wavuvi wa usiku ipi inatufaa?
Jibu: Marahaba kijana wangu. 7x50. Inatoa mwanga wa milimita 7, na mara saba inatulia hata mawimbi yakiwepo. Ila giza totoro haitalishinda.

Mdau wa Sengerema: Naweza kuifunga kwenye gobore la babu?
Jibu: Hapana ndugu yangu. Ya bunduki ni chombo kingine: ina msalaba wa kulengea, inavumilia kishindo, na jicho linakaa mbali nayo ili isikupige usoni. Tena gobore linahitaji leseni na uwindaji unahitaji kibali. Anzia huko kabla ya kuwaza lenzi.

Mdau wa Igoma: Naifutaje vumbi? Mimi natumia fulana.
Jibu: Acha leo hii, dada. Vumbi la kwetu lina mchanga, ukisugua unachora kioo. Pulizia kwanza, pangusa kwa brashi laini, ndipo uipumulie mvuke wa pumzi na kufuta kwa kitambaa cha miwani. Ukiihifadhi, weka ndani ya mkoba vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya.