Namna ya Kuchagua Fataki za Kujazia Risasi za Raifo

Risasi nzima ina vitu vinne, yaani ganda, baruti, kichwa na fataki, kile kikombe kidogo cha kitakoni kinacholipuka kikipigwa na pini na kuiwasha baruti, na mara nyingi mjazaji hupima baruti kwa uangalifu mkubwa, akachagua kichwa baada ya kufikiri sana, kisha akatia fataki yoyote aliyoikuta. Hilo ni kosa, kwa kuwa fataki ndiyo inayoamua baruti itaanza kuwaka vipi, na mwanzo huo wa mwako hubadilisha shinikizo ndani ya chemba, pale risasi inapokaa bundukini, pamoja na kasi ya kichwa kinapotoka mtutuni. Maelezo haya yanamhusu mwenye leseni ambaye sheria za nchi yake zinamruhusu kujaza risasi zake mwenyewe, na ambaye ana mwongozo wa vipimo uliotolewa na watengenezaji wa baruti au wa vichwa. Asiye na mwongozo huo asianze kabisa.

Uchaguzi huanzia kwenye ganda. Mulika ndani ya ganda tupu utazame kitako chake: ukiona tundu moja katikati, ganda hilo hupokea fataki za Boxer, ambazo zina fuawe yake, yaani kipande kigumu ambacho kemikali ya fataki hubanwa juu yake ili ilipuke, ndani ya fataki yenyewe; ukiona matundu mawili madogo, ni ganda la Berdan, ambalo fuawe yake imefinyangwa kwenye ganda. Mifumo yote miwili ilibuniwa katika miaka ya 1860, wa kwanza na Edward Boxer wa Uingereza na wa pili na Hiram Berdan wa Marekani, na ni jambo la kushangaza kwamba Wamarekani waliuchukua ule wa Mwingereza, huku majeshi mengi ya Ulaya yakiuchukua ule wa Mmarekani. Kwa anayejaza nyumbani, Boxer ndiyo ya kushika, kwa sababu pini moja nyembamba hupita kwenye tundu la katikati na kuisukuma nje fataki iliyotumika, ilhali maganda ya Berdan yanadai vifaa vya pekee na fataki zake ni adimu.

Baada ya hapo angalia ukubwa. Fataki kubwa ina kipenyo cha inchi 0.210, karibu milimita 5.3, na ndogo ina inchi 0.175, karibu milimita 4.4. Risasi za .223 Remington hutumia ndogo, na za .30-06 Springfield hutumia kubwa. Usitegemee kumbukumbu pale ambapo watengenezaji wenyewe wamegawanyika: maganda ya 6.5 Creedmoor na hata ya .308 Winchester hupatikana kwa ukubwa wote wawili, kwa hiyo mtu anayekusanya maganda ya viwanda mbalimbali ni lazima ayatenganishe kwanza. Maganda ya kijeshi nayo mara nyingi huwa yamebanwa ukingoni mwa tundu la fataki, na ubano huo sharti uondolewe kabla fataki mpya haijaingizwa, la sivyo itapondeka.

Hatari kubwa iko kwenye kufanana kwa fataki za raifo na za bastola, kwa maana vipenyo vyake ni vilevile. Fataki kubwa ya bastola ni fupi kuliko ya raifo kwa takriban milimita 0.2, hivyo ikitiwa kwenye ganda la raifo huzama mno na huenda isilipuke. Na ya raifo ikitiwa kwenye ganda la bastola huchomoza nje. Fataki ndogo za aina hizo mbili karibu zinalingana hata kimo, na hapo ndipo jicho linapodanganyika. Tofauti yake iko kwenye unene wa kikombe, ule mfuniko wa metali laini unaopigwa na pini. Shinikizo la juu linaloruhusiwa kwa .45 ACP ya bastola ni pauni 21,000 kwa kila inchi ya mraba, na kwa .308 Winchester ni pauni 62,000. Kikombe kilichotengenezwa kwa ajili ya shinikizo la kwanza hakiwezi kutegemewa kuzuia la pili, na kikitoboka gesi ya moto hurudi nyuma kuelekea uso wa mfyatuaji. Usibadilishane hizi mbili kwa sababu yoyote, hata uhaba.

Hata miongoni mwa fataki ndogo za raifo vikombe havilingani. Remington 6½, kwa mfano, inafaa risasi za shinikizo la chini kama .22 Hornet, na mtengenezaji mwenyewe anaelekeza 7½ kwa .223 Remington. Hapa aina ya bunduki inaingia katika hesabu. Katika raifo nyingi zinazojipakia zenyewe, kama AR-15, M1 Garand na SKS, pini ya kufyatulia haizuiwi na springi, na komeo linapofunga kwa nguvu pini hiyo huigusa fataki kidogo. Fataki yenye kikombe chepesi au iliyochomoza inaweza kulipuka wakati huo, kabla kidole hakijafika kwenye kifyatulio. Kwa bunduki hizo napendelea sana fataki zenye ugumu wa kijeshi, kama CCI namba 41 kwa ukubwa mdogo na namba 34 kwa ukubwa mkubwa. Mwenye raifo ya kukoki kwa mkono ana uhuru zaidi, ilimradi springi ya pini yake iwe na nguvu ya kutosha.

Sasa tufike kwenye swali linalozua ubishi, yaani fataki ya kawaida au ya magnamu. Fataki ya magnamu hutoa mwali wenye joto zaidi na wa muda mrefu zaidi. Wengi hudhani kwamba risasi yoyote yenye neno hilo katika jina lake inaihitaji, lakini jina halina uzito hapa. Chenye uzito ni kiasi na aina ya baruti. Risasi ya .300 Winchester Magnum hubeba hadi greni 70 na zaidi za baruti ya polepole, yaani karibu gramu 4.5, na rundo hilo linahitaji mwali wa kulifikia lote kwa pamoja. Risasi ya .222 Remington Magnum ina jina hilohilo, ila ganda lake ni dogo na fataki ya kawaida huitosha. Baruti ya chembe za mviringo hupakwa dawa ya kuchelewesha mwako, hivyo ni ngumu kuwaka kuliko ya vijiti, na baridi kali huongeza ugumu huo. Mwongozo ukitaja magnamu, tia magnamu; ukitaja ya kawaida, tia ya kawaida. Kuongeza moto pasipohitajika hupandisha shinikizo na mara nyingi hutawanya matundu kwenye shabaha.

Fataki za mashindano, kama Federal 210M au CCI BR-2, hutengenezwa kwa usawa wa hali ya juu, na mlengaji wa masafa marefu hupata faida yake. Mwindaji anayepiga mita 100 hatoiona.

Ukishachagua, ichukulie fataki kuwa sehemu ya kipimo. Kubadilisha chapa, au hata kutoka ya kawaida kwenda ya magnamu ya kiwanda kilekile, kunamaanisha kurudi kwenye kipimo cha kuanzia cha baruti kilichoandikwa katika mwongozo na kupanda tena kidogokidogo, huku ukitazama fataki zilizofyatuliwa: kingo zilizobapa kabisa, kikombe kilichovimba kuzunguka alama ya pini, au masizi yaliyovuja pembeni ni dalili za kusimama. Usingoje dalili hizo kana kwamba ndizo kipimo, kwa kuwa vikombe vigumu huzificha. Kronografu, yaani kifaa cha kupima kasi ya kichwa, ikikuonyesha kasi zinazotofautiana sana kati ya risasi na risasi za kipimo kimoja, jaribu fataki nyingine kabla ya kuilaumu baruti.

Wakati wa kutia, safisha tundu la fataki, vaa miwani ya kinga, na hakikisha fataki imekaa chini ya uso wa kitako kwa inchi 0.003 hadi 0.005. Pitisha kidole juu ya kila ganda; iliyochomoza itasikika mara moja. Fataki usizozitumia zirudishe katika pakiti zake za asili, zilizoundwa kuzitenganisha moja na moja, wala usizimimine kwenye chupa au kopo, kwani moja ikilipuka humo zote hulipuka pamoja. Mafuta na unyevu huziharibu, basi usizishike kwa mikono yenye mafuta, na uinawe mikono hiyo ukimaliza, maana kemikali za fataki nyingi zina madini ya risasi. Mwisho andika juu ya boksi la risasi ulizojaza aina ya fataki na namba ya toleo lake, pamoja na baruti na kichwa.