Jinsi ya Kuifikisha Maktaba ya Chuo cha Tiba Mwaloni

Mimi ni mkutubi wa chuo cha tiba hapa Mwanza. Mara ya kwanza kwenda mwaloni, yaani ufukweni ambako mitumbwi hushusha samaki, tulibeba masanduku mawili ya vitabu vya Kiingereza, tukapanga meza saa mbili asubuhi. Akina mama walioanika dagaa walitusalimu vizuri, wakaendelea na kazi. Wavuvi walikuwa wamelala. Mtu mmoja tu alisogea, akauliza kitabu kimoja ni bei gani. Siku hizi tunafanya hivi.

Hatua ya 1: Tazama mwezi

Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka taa haziwavuti, kwa hiyo mitumbwi inapumzika, watu wanashona nyavu na kupiga soga. Siku hizo ndizo zako. Mhasibu wa chuo usimweleze habari za mwezi, mpe tarehe tu.

Hatua ya 2: Piga hodi

Anza kwa mwenyekiti wa mtaa na viongozi wa BMU (kikundi cha usimamizi wa mwalo), kisha mtafute mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Huyu wa mwisho usimkose, maana wewe utaondoka, yeye atabaki.

Hatua ya 3: Nenda na daftari

Vitabu viache chuoni. Kaa chini, sikiliza, andika swali la afya la kila mtu kwa maneno yake mwenyewe bila kuandika jina lake. Mtu akikwambia anajisaidia damu, funga daftari umwelekeze zahanati leo leo. Mkutubi hapimi wala haandiki dawa.

Hatua ya 4: Tafuta jibu

PubMed, orodha ya mtandaoni ya makala za utafiti wa tiba, iko wazi kwa kila mtu. Kwa majarida ya kulipia, tumia Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani ulioanza 2002 kwa ajili ya taasisi za nchi kama yetu. MedlinePlus, tovuti ya afya kwa watu wa kawaida, nayo ina maelezo kadhaa ya Kiswahili.

Swali linalorudi sana ni hili: "Dawa ya kichocho nilimeza, mbona kimerudi?" Jibu ni kwamba dawa hiyo, prazikwanteli, huua minyoo ya kichocho iliyokomaa. Iliyo michanga inaweza kuponea, na dawa yenyewe si chanjo. Ukirudi majini, vijidudu vinavyotoka kwenye konokono wa ziwani vinapenya ngozi upya. Mayai ya minyoo hiyo hurudi ziwani kwa kinyesi, ndiyo maana suala la choo lazima liwemo kwenye jibu hilohilo.

Hatua ya 5: Andika, kisha usomewe makosa yako

Nusu ukurasa inatosha. Daktari aupitie kwanza, halafu msomee mtu wa mwaloni kabla hujachapa. Hapa ndipo tulipojifunza zaidi. Rasimu yetu ilisema "epuka kugusa maji ya ziwa". Mama mmoja akacheka mpaka akaweka ungo chini: "Sasa mwanangu, dagaa niwaoshe na soda?" Tukakaa upya, tukatafuta kitu kinachowezekana. Maji ya kuoga yakichemshwa kwa dakika moja, au yakikaa kwenye pipa siku mbili bila konokono ndani, vijidudu hivyo vinakufa. Mvuvi hawezi kuacha ziwa, lakini mtoto wake anaweza kuogea nyumbani. Hilo ndilo tuliloandika.

Hatua ya 6: Rudisha jibu

Usipitishe mbalamwezi inayofuata. Karatasi itie plastiki, uibandike pale watu wanapochajia simu. Kwa walio visiwani, rekodi sauti, mtu wa BMU aitume WhatsApp. Sauti iwe fupi, bando ni ghali. Swali usilopata jibu lake, sema hivyo mbele ya watu. Sisi tumewahi kubahatisha, na mwezi uliofuata tukaulizwa.

Daftari liache kwa mhudumu wa afya pamoja na kalamu mbili. Moja itaazimwa kuandikia hesabu ya ndoo za dagaa, na hairudi.