Kufuta waya wa mpiganaji anayeruka

Wapiganaji wa filamu za wuxia (hadithi za Kichina za mashujaa wa upanga) hawaruki kwa kompyuta tupu. Kwenye Crouching Tiger, Hidden Dragon (2000) waigizaji walining'inizwa kwa waya za kweli, kisha kompyuta ikazifuta. Hapa tunafuta kwa programu ya kuhariri video, DaVinci Resolve ya bure, kwenye ukurasa wake wa kuunganisha picha, Fusion. Kumning'iniza mtu mwachie fundi aliyesomea.

1. Kupiga
Kamera kwenye stendi, fremu 25 kwa sekunde, shata 1/50, fokasi na mwanga vimefungwa. Rekodi sekunde 10 za eneo tupu kabla ya tukio, na 10 nyingine baada yake, maana jua halisubiri.

2. Kuunganisha
Kwenye Merge, kifaa kinachoweka picha moja juu ya nyingine, tukio liwe Background (chini) na eneo tupu liwe Foreground (juu). Tumia video ya eneo tupu, si fremu moja iliyogandishwa: chembechembe za picha zikiganda, mahali pa waya panaonekana kama kiraka.

3. Maski
Maski ni umbo linaloamua eneo tupu lionekane wapi. Chora Polygon, maski ya nukta kwa nukta, juu ya waya, iunge kwenye Merge. Weka alama ya umbo la maski (keyframe) kwenye fremu ya kwanza, ya mwisho, ya katikati, kisha katikati ya hizo. Ukichora kila fremu, maski itatetemeka.

4. Waya unapopita mbele ya nguo
Hapa ndipo siku inapoishia. Nyuma ya waya hakuna ukuta tena, kuna mgongo wa mtu. Eneo tupu litamtoboa. Kata maski iishie begani. Kuanzia hapo shuka na Paint, kifaa cha kupaka, kwenye hali ya Clone inayonakili sehemu ya picha, ukichota kitambaa cha pikseli 5 au 6 pembeni, kwa kufuata mkunjo, usiukate. Kati ya aina za mchoro chagua Stroke, kwa sababu Multistroke kwa kawaida hudumu fremu moja tu, kisha uifunge kwenye Tracker, kifaa kinachofuata mwendo wa nguo. Nguo ikijikunja upya, anza mchoro mpya.

Waya unaoyumba kwa kasi si mstari, ni utepe mpana uliofifia. Panua maski iumeze wote, washa Motion Blur (ukungu wa mwendo) ya Polygon, Shutter Angle (pembe ya shata) 180, kwa kuwa 1/50 ni nusu ya muda wa fremu. Futa na kivuli chake.

Nguo iliyovutwa juu kama hema pale waya ulipofungwa itamfichua hata waya ukiisha. Hiyo ni kazi ya fundi cherehani, irekebishwe kabla ya kupiga. Vifutio vya kubofya mara moja siviamini: ukuta huonekana unachemka.

5. Kukagua
Pandisha gamma (mwangaza wa sehemu za kati) hadi 2 kwa muda, cheza kwa kasi ya kawaida. Mabaki yatajitokeza yenyewe.