Kibao cha mbwa kiwe nje, karibu na komeo la geti
Ukifuga mbwa, weka kibao hata kama ni mpole; mpole naye hung'ata akishtuliwa. Ila usikibandike kando ya mlango wa nyumba, maana anayekisoma hapo keshaingia kwenye eneo la mbwa. Kifunge upande wa nje wa geti, karibu na komeo au kengele, usawa wa macho (mita 1.5 hivi kutoka chini), na kingine kwenye mlango wa nyuma kama upo. Mgeni hutafuta kwanza pa kushika, kwa hiyo macho hukutana na onyo kabla mkono haujafungua. Herufi za sentimita 5 husomeka vizuri kutoka mita 6. Ongeza picha ya kichwa cha mbwa kwa wasiojua kusoma.

Maneno yaelekeze la kufanya: "KUNA MBWA. PIGA KENGELE, USIFUNGUE." "Mbwa mkali" peke yake huogopesha tu, na katika baadhi ya nchi aliyeng'atwa anaweza kukitumia kibao hicho mahakamani kuonyesha kwamba ulijua mbwa wako ni hatari.

Kibao hakifai kitu gizani bila taa au rangi ya kuakisi mwanga. Hakimzuii mtoto anayekimbilia mpira wake, wala hakisaidii uzio ukiwa na tundu. Kwa hayo unahitaji geti linalojifunga lenyewe, komeo likiwa juu, mbali na mikono ya watoto. Na mbwa akihamishwa, king'oe. Majirani wakizoea kukipuuza, hawatakijali ukileta mwingine.