Kupiga harmonika kwa ampu ndogo ya gitaa

Ile ampu (kikuza sauti) ya mazoezi ya wati 10, yenye spika ya inchi 8, ambayo mpiga gitaa huisukumia chini ya kitanda akishanunua kubwa, inamtosha mpiga harmonika. Sauti nene yenye mkwaruzo tunayoitafuta ilikomaa Chicago miaka ya 1950, pale wapiga harmonika wa blues kina Little Walter walipofumbata maiki na harmonika pamoja na kupitisha sauti kwenye ampu. Ila ampu yako imetengenezewa gitaa, na ukiiacha kama mpiga gitaa alivyoipanga itakupigia mluzi tu, ule unaotokea sauti ya spika inaporudi kwenye maiki na kukuzwa tena.

Hatua ya 1: Maiki na waya

Maiki ya kuimbia, mfano Shure SM58, ina impidansi ndogo (ukinzani wake kwa umeme wa sauti) na plagi ya pini tatu. Tundu la gitaa linataka impidansi kubwa. Mimi nilianza na waya wa kawaida, pini tatu huku na jeki kule. Nikafungua geni (kitufe cha kukuza sauti inayoingia kwenye ampu) hadi mwisho, sauti ikabaki hafifu na mvumo ukajaa chumbani. Tafuta kiunganishi chenye transfoma ndogo ndani yake, tofauti utaisikia papo hapo. Maiki za harmonika zenyewe, kama Shure 520DX, tayari zina impidansi kubwa na zinachomekwa moja kwa moja. Maiki ya kondensa, ile ya studio inayohitaji umeme wake, achana nayo.

Hatua ya 2: Panga ampu kabla ya kuiwasha

Chagua chaneli safi, si ile ya mkwaruzo. Najua chaneli ya mkwaruzo inavutia, lakini kwenye ampu za bei nafuu hukuza hata pumzi yako, na mluzi hauchelewi. Geni weka 2 au 3, besi 7, sauti za kati 5, trebo 0 au 1. Ndiyo, trebo karibu na sifuri: harmonika ina ukali wake wa kutosha, na mluzi mwingi huanzia huko juu. Voliumu iache chini kabisa, kisha washa.

Hatua ya 3: Fumbata

Hapa tumia muda wako mwingi. Chukua harmonika ya matundu 10, ufunguo wa C. Ishike kwa kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kushoto, halafu vidole vilivyobaki vishike maiki nyuma yake. Acha nafasi ya upana wa kidole kimoja kati ya uso wa maiki na harmonika, kisha zungushia mkono wa kulia hadi pasiwe na upenyo.

Sasa vuta pumzi kwenye tundu la 2, taratibu, noti ndefu ya G. Ukiwa bado unavuta, fungua kiganja cha kulia halafu kifunge. Kikiwa wazi, sauti ni nyembamba, ya mbali. Kikifungwa inanenepa, inakuwa nzito na kukwaruza kidogo. Usiposikia tofauti hiyo, hewa inavuja. Kagua chini ya kidole gumba na pale vidole vidogo vinapokutana, ndipo mara nyingi huvuja. Usiongeze geni kufidia uvujaji. Mimi kila siku huanza na noti hiyo moja kabla ya kupiga wimbo wowote.

Hatua ya 4: Tafuta ukingo wa mluzi

Kufumbata kunaifanya maiki isichague tena upande wa kusikiliza, kwa hiyo mluzi huja upesi. Kaa mbali na ampu kadiri waya unavyoruhusu, mwili wako ukiwa kati ya spika na maiki. Huku umefumbata bila kupiga, pandisha voliumu polepole hadi ampu ianze kulia, kisha rudi nyuma kidogo. Ikilia tena katikati ya wimbo, punguza geni kwanza, halafu trebo. Voliumu iwe ya mwisho kuguswa.

Hatua ya 5: Ukipiga na bendi

Wati 10 hazishindani na ngoma. Usiibane ampu ipige kelele zaidi. Iweke juu ya kiti, simamisha maiki ya pili karibu na spika yake, kama SM57, na uipeleke kwenye mikisa (mashine ya kuchanganya sauti) ya ukumbi. Mwombe fundi mitambo asikurudishie harmonika nyingi kwenye spika za jukwaani, maana mluzi utaanzia huko na vitufe vya ampu yako havitakusaidia.